Fundi Makochi na Mdakaji Wake

Fundi makochi hakuwa mtu wa michezo. Utotoni alijipenyeza chini ya meza ya kazi ya baba yake kuokota misumari, na alipokua misumari ikamng'ang'ania. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Jina alilopewa siku ya kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu. Hata mkewe alimwita hivyo: Fundi, chai inapoa, Fundi, leo umenuna nini? Binti wa mkewe, aliyeingia nyumba ile akiwa na miaka sita na begi la shule linalomgonga magoti, alilichukua jina hilo kutoka kinywani mwa mama yake. Hakuna aliyemfundisha neno jingine, na Fundi hakudai.

Mtu wa besiboli pale nyumbani alikuwa mkewe. Alifanya kazi kwenye duka la dawa karibu na shule, akaona tangazo ukutani kwamba kuna timu ya watoto, akamwandikisha binti yake bila kuuliza mtu. Kila Jumamosi walitoka wawili, mkono kwa mkono. Fundi alibaki karakanani, maana Jumamosi ndiyo siku wateja wanapopita kukagua makochi yao, kubonyezabonyeza na kulalamika. "Nendeni, mtakuja kunisimulia," aliwaambia. Nao walisimulia kweli, mezani, vinywa viwili vikikatizana, naye akaitikia "ehee" na "lo!" kila palipoonekana panafaa, asielewe hata nusu yake.

Kisha figo za mkewe zikaanza kushindwa. Ikawa miezi minane ya kwenda hospitali na kurudi, miguu ikivimba, chumvi ikiondolewa mezani, leo nafuu kesho vibaya. Alifariki asubuhi ya Jumanne, mvua ikinyesha, binti akiwa darasani. Aliyekwenda kumchukua shuleni ni Fundi. Njia nzima hakupata neno la kuanzia, na mtoto hakuuliza. Walipofika kwenye kona na kuona viti vimepangwa nje ya nyumba, alimshika Fundi kidole kimoja, cha shahada, asikiachie mpaka jioni.

Jumamosi ya tatu baada ya mazishi, mtoto akaja kusimama mlangoni pa karakana, glavu kwapani.

"Nani atanipeleka?"

Fundi alikuwa amejaza misumari midogo mdomoni, kama wafanyavyo watu wa kazi ile ili mikono ibaki huru. Akaitema kiganjani mmoja mmoja, apate muda wa kufikiri.

"Mimi."

Siku hiyo alijiaibisha vya kutosha. Mtoto mmoja aliugonga mpira ukaruka mbali, akakimbia kituo hadi kituo mpaka akarudi pale alipoanzia. Kelele zikazuka, na Fundi akapanda juu ya benchi akapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Binti akageuka, barakoa ya chuma usoni.

"Fundi! Yule ni wa kwao!"

Wazazi walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Fundi naye akacheka, na katikati ya kicheko akakumbuka kwamba hajacheka tangu Jumanne ile. Akakaa chini taratibu.

Kocha alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa amempa binti kazi ya udakaji. Mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, akapokea kila mpira ambao gongo limeukosa. Ni kazi ya vumbi na magoti, sifa hakuna, na watoto wengine wote walikuwa wameikwepa. Kikinga kifua cha timu kilikuwa cha mtu mzima. Kilimfunika mtoto mpaka mapajani na kila akichuchumaa kilimpiga kidevuni. Fundi alikitazama mara moja tu akasikia aibu ya kitaalamu. Jumatatu akampima mtoto kwa futi kamba, akakata sponji ngumu ya unene wa vidole viwili, akaivika ngozi bandia ya kijani iliyobaki alipokarabati makochi ya daktari wa meno, akapitisha mshono mara mbili. Kikamkaa mtoto kana kwamba kimeota mwilini mwake. Wenzake walipomwona amechuchumaa, kijani kifuani, magoti karibu na masikio, wakapiga kelele: "Chura! Chura!"

Fundi alidhani atalia.

"Ndiyo mimi Chura," mtoto akajibu, "na nzi wote ni wangu."

Jina likakaa, na Fundi mwenyewe akalizoea.

Mwezi wa pili wa msimu, mpira ulikwaruza gongo, ukabadili njia, ukampiga Chura shingoni, pale barakoa inapoishia na kikinga hakijaanza. Hakulia mbele za watu. Alikwenda nyuma ya vyoo akatapika, akarudi, akachuchumaa tena. Lakini tangu siku ile, kila gongo lilipozungushwa, alifumba macho. Kufumba kidogo tu, kama mtu aliyepulizwa vumbi, na hicho kidogo kilitosha: mipira ikawa inampita, inagonga uzio, timu pinzani inajikimbilia.

"Nimhamishe?" kocha alimuuliza Fundi pembeni. "Si adhabu, baba. Ni mtoto, na mwaka huu amepigwa na mengi."

"Nipe wiki tatu, mwalimu."

Hakuwa na mpango wowote. Alichokuwa nacho ni karakana. Jioni ile alisukuma makochi mawili ukutani, akachora kituo kwa chaki sakafuni, akachonga mpira wa sponji kwa kisu. Mpigaji alikuwa dobi wa duka la pembeni, mzee mwembamba mwenye maneno mengi kuliko nguo za wateja wake. Badala ya gongo dobi alishika lile bomba la karatasi ngumu ambalo ngozi bandia huviringishiwa, akasimama kama bingwa wa dunia.

"Mimi nikiugonga huu," akasema, "mtaufuata kwa basi."

Fundi akarusha. Dobi akakosa. Mpira ukampiga Chura kwenye barakoa, pwa, ukaanguka. Ulikuwa sponji tu. Akabaki ameduwaa kwamba hakikuuma kitu.

"Ulifumba," Fundi akasema.

"Najua."

"Fumba baada ya kuudaka. Ukiwa mkononi mwako fumba hata mpaka kesho. Lakini tazama mpaka mwisho."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya sponji. Ya pili, sponji iliyovikwa kitambaa, kisha matambara yaliyoshindiliwa kwenye soksi. Ya tatu, mpira wenyewe, mgumu, wenye mshono mwekundu ambao Fundi aliuchunguza na kukiri kwamba aliyeushona anajua kazi. "Tazama mpaka mwisho," alisema kila aliporusha, bila kupaza sauti, na ikafika siku Chura akadaka kumi na tano mfululizo, macho wazi, meno yameng'ata mdomo wa chini. Dobi akatupa bomba lake akapiga vigelegele vya kike. Chura alivua barakoa, akatazama mlangoni, mahali ambapo mama yake angesimama kama angekuwepo. Halafu akaivaa tena, akasema, "Rusha nyingine."

Sasa, kuna jambo ambalo Fundi hakumwambia mtu.

Baba mzazi wa Chura alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Aliondoka binti akiwa na miaka minne. Safari ikazaa safari, mwishowe kurudi kukawa kugumu kuliko kwenda. Habari za msiba zilimfikia miezi miwili baada ya mazishi. Akapiga simu Jumapili alasiri, akalia, akaomba radhi kwa kulia, akasema, "Ndugu yangu, naomba nisikie sauti yake tu."

"Hayupo. Yuko mazoezini kwa kocha."

Na kweli hakuwepo.

"Basi nitapiga Jumapili ijayo."

Jumapili iliyofuata Chura alikuwa hatua kumi kutoka ilipo simu, akiokota mipira ya sponji chini ya kochi. Fundi alitoka nje na simu yake akasema amelala. Ya tatu aliiacha iite. Akaizoea kuiacha iite, imelazwa kifudifudi juu ya kiti kisichokamilika, ikitetemeka kama mdudu aliyepinduka. Alijiambia mtoto bado ana kidonda. Alijiambia mtu aliyekaa kimya miaka mitano atashindwaje kungoja miezi michache. Alijiambia mengi, yote yana sura ya busara, na yote yalikuwa jina la pili la woga.

"Nani huyo asiyechoka?" dobi aliuliza siku moja.

"Mteja."

"Mteja wa Jumapili! Kochi lake lina presha?"

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Ya Fundi ilikuwa na urefu wa Jumapili kumi na nane. Jumamosi iliyofuata, mchezo ulipokwisha na Chura alipokuwa akifungua kamba za kikinga chake, mwanamume mmoja mrefu, shati limepigwa pasi mpaka limesimama, alitoka upande wa pili wa uzio. Alitembea polepole kama anayeogopa kutisha ndege. Chura akamtazama. Alikuwa na picha yake moja tu, ndogo, lakini alikuwa ameitazama sana.

"Umekuwa mkubwa," mwanamume akasema.

"Wewe ni baba."

"Ndiyo, mama. Ni mimi." Akapiga magoti, suruali yake nzuri ikazama kwenye vumbi. "Nimekuwa napiga simu. Kila Jumapili napiga. Nikasema labda hutaki kuongea na mimi, na una haki. Nikaona nije unikatae mwenyewe."

Chura aligeuza kichwa, akamtazama Fundi. Kamba moja ya kikinga ilibaki mkononi mwake, na Fundi, ambaye angeweza kumfungulia ile kamba akiwa amelala usingizi, hakuthubutu kunyoosha mkono.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Baba mzazi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi. Mtu huyo angekuwa mlevi au mgomvi, Fundi angejua pa kushika. Alikuwa ameacha malori, ana kazi ya ghala kwenye mji ulio safari ya siku nzima kwa basi, ana mke, ana chumba cha mtoto. Hakufoka kuhusu simu. Alisema tu, "Ningekuwa wewe, sijui ningefanya nini," na Fundi akatamani afokewe.

Katika ofisi ya ustawi wa jamii walikalishwa kwenye viti vilivyokwisha sponji. Bibi afisa alifungua faili, akavaa miwani.

"Na wewe, baba, ni nani wake?"

"Baba wa kambo. Nilimuoa mama yake."

"Una karatasi yoyote inayohusu mtoto?"

Alikuwa na kadi ya kliniki, ripoti za shule, risiti ya viatu vya michezo. Afisa alizipokea zote kwa mikono miwili, akazisoma moja moja, jambo ambalo Fundi hakulisahau. Kisha akamgeukia Chura akamuuliza kwa upole anataka nini.

"Sijui," Chura akasema.

Huo ulikuwa ukweli wake wote. Ikaamuliwa kwamba atahamia kwa baba yake shule zitakapofungwa, baada ya wiki tatu.

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," dobi alimwambia Fundi, akigonga pasi mezani kwa hasira. "Nenda kapinge."

"Nikipinga nitasema nini? Kwamba niliificha simu?"

Wiki mbili Chura hakuzungumza naye isipokuwa ya lazima. Alikula, akaosha sahani, akasema asante. Mazoezini hakwenda. Kocha alipouliza, aliambiwa, "Ya nini, naondoka." Na mchezo wa mwisho wa msimu ulikuwa Jumamosi.

Jumatano alasiri Fundi alimkuta amekaa ndani ya fremu tupu ya kochi, kwenye mbao, hakuna springi wala sponji, kama mtu aliyekaa kwenye mbavu za mnyama mkubwa. Akakaa sakafuni karibu naye.

"Nilikudanganya," akasema. "Na si mara moja."

"Mara kumi na nane. Baba ameniambia. Alikuwa anahesabu."

"Ndiyo. Kumi na nane."

"Kwa nini?"

"Niliogopa atakuchukua."

"Na sasa ananichukua."

"Ndiyo."

Chura alikwangua ubao kwa ukucha. "Ungenipa simu ningeongea naye. Labda angeridhika. Labda asingekuja."

Hilo Fundi hakuwa amelifikiria hata siku moja. Lilimwingia taratibu, likamkaa, na tangu siku hiyo halikumtoka.

"Labda," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Mtoto hakusema amesamehe. Akauliza, "Unataka niende?"

"Nikikujibu vingine itakuwa mara ya kumi na tisa. Sitaki. Sitaki hata kidogo." Alipangusa uso kwa mkono wenye gundi iliyokauka. "Lakini usikatae kwenda kwa ajili yangu. Mtu anayepiga simu Jumapili kumi na nane bila kupokelewa, huyo si mtu wa kutupa. Mpe nafasi akujue."

"Akiondoka tena?"

"Akiondoka tena niite. Nitakuja hata kama basi limebaki la mbuzi."

Tabasamu lilimjia Chura, likakosa njia, likawa kilio. Alilia vile alivyokuwa hajalia tangu mazishi, kwa sauti kubwa ya mtoto mdogo kuliko miaka yake, akimwita mama. Fundi alipitisha mkono kati ya mbao akamshika mgongoni, na dobi aliyekuwa anakuja kuomba kiberiti akageuka mlangoni akarudi kwake.

Ijumaa, kikinga cha kijani kilionekana kimeanikwa dirishani.

Jumamosi baba mzazi alikuwa amerudi kwa ajili ya kumchukua, akaja uwanjani moja kwa moja kutoka stendi, akakaa upande wake peke yake. Alikuwa mgeni wa mchezo. Alishangilia mpira ulipotoka nje, akamsifu mtoto aliyetolewa. Mara mbili alipiga ukelele wa jina la kuzaliwa la Chura wakati mrushaji anajiandaa, na Chura akatetereka. Wazazi wakaanza kutazamana. Fundi alivumilia, akavumilia, kisha akainuka akazunguka uzio, akakaa karibu naye.

"Usimwite sasa," akamwambia. "Mrushaji akiinua mguu, hapo anatazama. Ukimwita unamwondoa macho kwenye mpira."

"Samahani. Sijui lolote."

"Utajua. Akiudaka, hapo ndipo unapiga makofi. Akiukosa usipige, lakini usigeuze uso, maana atakutafuta. Wale wenye kofia nyeusi ni wa kwao. Akipiga magoti hivi, amechoka. Usimwambie apumzike, atakasirika. Mpelekee maji tu."

Baba mzazi alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asioujua. Akauliza mkono gani unamuuma akidaka sana. Wa kushoto, Fundi akasema, kwenye kifundo. Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Akauliza kama anaogopa giza. Haogopi giza, anaogopa kuchelewa kuchukuliwa shuleni. Wakaendelea hivyo, mmoja anatoa na mwingine anapokea, huku mbele yao mchezo ukielekea mwisho.

Timu ya Chura ilikuwa mbele kwa pointi moja, wapinzani wana wakimbiaji wawili vituoni. Mpira ukapigwa mbali. Mkimbiaji wa kwanza akafika nyumbani, kile kituo cha mwisho anacholinda mdakaji, wakawa sawa. Wa pili, kijana mnene mwenye mwendo wa lori, akaja nyuma yake. Mpira ulirushwa kutoka ukingoni mwa uwanja, mrefu, wa chini. Chura alikuwa amesimama juu ya kituo cha nyumbani, barakoa ameitupa, na Fundi aliyaona macho yake kutoka pale alipokaa. Yalikuwa wazi. Yaliutazama ule mpira mpaka ukaingia kwenye glavu. Chura akageuka kumgusa mkimbiaji nao kabla hajafika, ili atolewe, wakagongana, wakaanguka wote wawili. Mwamuzi akainama juu yao katika vumbi. Mpira ulikuwa umetoka kwenye glavu, unabiringika polepole kuelekea kwenye nyasi.

Walishindwa kwa pointi moja.

Chura hakuinuka. Alikaa chini, glavu tupu mapajani, na wenzake wakampitia kando kwa sababu hawakujua la kumfanyia. Fundi alikuwa ameshasimama, ameshapiga hatua tatu, ndipo akasita. Akageuka.

"Nenda wewe."

"Mimi? Nitamwambia nini?"

"Mwambie aliutazama mpaka mwisho. Hilo tu. Usimwambie hakukosa. Ulimtoka na anajua."

Baba mzazi akaenda. Fundi alibaki ameshika waya wa uzio. Aliona yule mtu mrefu akichuchumaa, akisema maneno machache. Aliona Chura akiinua kichwa kumtazama baba yake usoni kwa muda, kama anayelinganisha na ile picha. Kisha juu ya bega la baba yake macho yakaanza kutafuta, benchi hii, benchi ile, mpaka yakafika kwenye uzio. Fundi akainua mkono. Chura akainua glavu kidogo, akaishusha.

Kesho yake asubuhi walisindikizana mpaka stendi. Kocha alikuja na barua ya shule, dobi alileta nguo zote za mtoto zimenyooshwa, hata soksi. Chura aliwakumbatia mmoja mmoja. Alipofika kwa Fundi alimshika shingoni akabana, na kondakta akapiga kelele kwamba gari linaondoka, na lilikuwa linaondoka kweli.

Miezi ilipita. Walizungumza kwa simu, mwanzoni mazungumzo marefu, kisha ya kiasi. Kule hakukuwa na besiboli. Chura alikuwa ameingia kwenye timu ya riadha, na mke wa baba yake, alisema, si mkali kama alivyofikiri. Fundi alifurahi, na furaha hiyo ilikuwa inamchoma, naye hakuona haja ya kumweleza mtu jinsi vitu hivyo viwili vinavyokaa pamoja.

Likizo ndefu ya mwaka uliofuata alikwenda kumtembelea. Alipokelewa vizuri, akawekewa kiti kizuri, chai ikaja na maziwa. Chura alikuwa amerefuka kwa kichwa kizima. Alimwita baba yake "baba" bila kufikiri, kama mtu anavyopumua, akimtuma chumvi au kumuuliza ufunguo. Alasiri akaja rafiki yake wa jirani kumchukua wakacheze, akamtazama mgeni.

"Huyu nani?"

Chura akafikiri. "Alikuwa mume wa mama," akasema.

Lilikuwa jibu sahihi. Fundi akampa yule rafiki mkono, akamuuliza yuko darasa la ngapi.

Jioni Chura alimsindikiza kituoni, wawili tu, baba yake akiwa amebaki getini kwa makusudi. Walitembea bila haraka. Mbele ya duka la vioo Chura akapunguza mwendo.

"Nani anafagia kwa mama?"

"Kaburini? Mimi."

"Kila lini?"

"Kila mwisho wa mwezi. Mvua zikinyesha nakwenda mara mbili, majani yale hayana adabu."

"Unaongea naye?"

"Kidogo. Namwambia habari."

"Ulimwambia mpira ulinitoka?"

"Nilimwambia ulivyoutazama. Na kwamba ulikutoka pia. Mama yako hakupenda kufichwa."

Chura alitembea hatua kadhaa akitazama viatu vyake. "Mwezi huu, kabla hujaenda, nipigie," akasema. "Nitakupa maneno yangu uyapeleke."

"Nitakupigia."

"Na ukifika kule nipigie tena. Niweke karibu naye."

Basi likaja, limejaa, watu wakisukumana mlangoni na mabegi kichwani. Fundi alipata kiti upande wa dirisha lisilofunguka. Chura alisimama chini, akasema kitu kingine ambacho kioo kilikizuia. Fundi alitikisa kichwa kwamba hajasikia. Mtoto akarudia, taratibu, akitumia mdomo wote, na basi likaondoka kabla hajamaliza.